Je, sheria ya jinai hubadili dhamiri za watu?

Bunge linapojadili muswada wa kulifanya tendo fulani kuwa kosa la jinai, watetezi wake hutoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kifungo kikiwa kirefu watu wataogopa. Ya pili ni kwamba ni lazima jamii itamke wazi kuwa jambo hili ni ovu, hata kama si kila mkosaji atakamatwa. Hoja hizi hutolewa kwa pamoja, pengine ndani ya hotuba moja, kana kwamba zinasema jambo lilelile. Hazisemi jambo lilelile. Ya kwanza inahusu hofu. Ya pili inahusu dhamiri: inadai kwamba dola, kwa kuliita tendo "kosa", inaweza kumfanya mtu alione tendo hilo kuwa baya hata akiwa peke yake usiku, bila askari wala shahidi.

Dai hilo la pili linastahili kupimwa kwa makini, maana gharama yake hulipwa na watu halisi. Kila kosa jipya linaloingia kwenye vitabu vya sheria lina watu watakaofungwa kwa ajili yake. Kama lengo la kuwafunga ni kuwafundisha wengine, basi tuna wajibu wa kuuliza kama somo linafika.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo huchanganywa. Kuna watu wanavyotenda. Kuna wanavyoamini. Na kuna wanavyodhani kwamba wenzao wanaamini. Dereva anaweza kuacha kuendesha akiwa amelewa kwa kuogopa kipimo cha pumzi tu, na moyoni aone sheria hiyo ni usumbufu. Mwingine anaweza kuamini kwa dhati kwamba ulevi barabarani ni kuchezea maisha ya watu, bila kujua kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kisheria. Na wa tatu anaweza asiwe na msimamo wowote, ila akatambua kwamba siku hizi ukiondoka kwenye sherehe ukiyumba na ufunguo wa gari mkononi, watu watakutazama vibaya. Sheria ya jinai humgusa kila mmoja wa hawa kwa njia tofauti, na huyo wa tatu ndiye inayemfikia kwa urahisi kuliko wote.

Watu hawasomi sheria

Kikwazo cha kwanza ni rahisi mno hivi kwamba wanasheria hukisahau: raia wengi hawajui sheria inasema nini. Mwaka 2001 watafiti John Darley, Kevin Carlsmith na Paul Robinson walichapisha uchunguzi uliofanywa katika majimbo manne ya Marekani ambayo sheria zake zilitofautiana kwenye mambo mazito, kama vile wajibu wa kumsaidia mtu aliye hatarini, au haki ya kutumia nguvu ya kuua ili kulinda mali. Kama sheria ingekuwa inawafundisha watu moja kwa moja, wakazi wa jimbo lenye sheria fulani wangejibu tofauti na wakazi wa jimbo lisilo nayo. Hawakujibu tofauti. Kila mahali watu walikisia kwamba sheria yao inasema kile ambacho wao wenyewe wanakiona kuwa haki.

Matokeo hayo yanageuza mambo juu chini. Tunadhani sheria inaandika juu ya dhamiri, kumbe mara nyingi ni dhamiri inayoandika sheria ndani ya vichwa vya watu. Kurekebisha kifungu, kuongeza miaka miwili ya kifungo, kubadili tafsiri ya neno moja katika kanuni ya adhabu, haya yote hayamfikii mtu wa kawaida. Kinachomfikia ni kile chenye sauti: kesi iliyozungumzwa nchi nzima, kukamatwa kwa mtu anayemfahamu, alama iliyobandikwa mlangoni, mjadala wa miezi kabla ya muswada kupita.

Mabishano haya ni ya zamani. Cesare Beccaria, kijana wa Milano aliyeandika mwaka 1764, alisema kinachomzuia mtu asitende uhalifu ni uhakika wa kuadhibiwa zaidi ya ukali wa adhabu, na utafiti wa miongo mingi umempa haki. Uingereza ilipoanza kuwapima madereva pumzi mwaka 1967, vifo vya barabarani vilishuka ghafla. Kisha, kama alivyoonyesha mwanasosholojia H. Laurence Ross, mafanikio hayo yakaanza kuyeyuka kadiri madereva walivyogundua kwamba uwezekano wa kusimamishwa na askari ulikuwa mdogo kuliko walivyodhani. Hofu huisha pale mtu anapopiga hesabu. Ndiyo maana swali la dhamiri lina uzito: dhamiri haihitaji askari.

Jaji wa Kiingereza James Fitzjames Stephen aliliweka wazo la dhamiri kwa mfano mmoja mwaka 1883. Hukumu ya mahakama, alisema, ni kwa hisia za umma kuhusu kosa kama mhuri ulivyo kwa nta iliyo moto: inaigeuza hisia ya kupita kuwa chapa ya kudumu. Miaka kumi baadaye mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim aliiendea hoja kutoka upande wa pili. Kwake, hatulilaani tendo kwa sababu ni kosa la jinai. Ni kosa la jinai kwa sababu tunalilaani. Na adhabu, aliendelea, kazi yake kubwa wala si kumrekebisha mhalifu. Inawalenga zaidi watu wema, ambao wanahitaji kuona kwamba kanuni waliyojinyima kwa ajili yake bado ina nguvu.

Naona wote wawili waliona vizuri, ila mfano wa Stephen una sharti ambalo wanasiasa hulisahau. Nta ni lazima iwe moto kwanza. Ukigandamiza mhuri kwenye nta baridi, hupati chapa, unapata nyufa. Karibu ushahidi wote nitakaoueleza kuanzia hapa unarudi kwenye sharti hilo.

Sheria kama habari kuhusu wenzetu

Mwaka 1967 Leonard Berkowitz na Nigel Walker walichapisha jaribio lililowauliza wanafunzi wa chuo kikuu maoni yao kuhusu matendo kadhaa, kisha wengine wakaambiwa kwamba sheria inayakataza au inayaruhusu, na wengine wakaambiwa wenzao wengi wanayaonaje. Kuijua sheria kulisogeza maoni kidogo. Kujua maoni ya wenzao kuliyasogeza zaidi.

Ukilitafakari jaribio hilo utaona kwamba pengine njia hizo mbili zina undugu. Sheria inapopitishwa na chombo kinachoheshimika, inabeba habari: kwamba watu wengi, au watu muhimu, sasa wanaliona jambo hili hivi. Richard McAdams, mwanasheria wa Marekani, ameijenga hoja hii kwa kina. Kwake, sheria ina nguvu ya kuratibu matendo ya watu na nguvu ya kuarifu kabla hata ya kufikia adhabu. Mvutaji sigara anapoona alama ya kukataza kwenye ukumbi, si lazima awaze faini. Anawaza kwamba waliomzunguka sasa wana haki ya kumwambia azime, na wao wanajua kwamba anajua.

Utafiti wa Margaret Tankard na Elizabeth Paluck kuhusu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2015 wa kuruhusu ndoa za jinsia moja ulionyesha jambo hilo kwa uwazi wa kipekee, ingawa uamuzi wenyewe haukuwa wa jinai. Baada ya uamuzi, maoni binafsi ya watu hayakubadilika. Kilichobadilika ni makisio yao kuhusu Wamarekani wenzao wanavyofikiri na mahali nchi inapoelekea. Iwe mtu aliufurahia uamuzi ule au aliuchukia, aliuchukua kama taarifa kuhusu jamii.

Norwe inatupa mfano wa jinai kamili. Mwaka 2009 nchi hiyo ilifanya kununua huduma za ngono kuwa kosa, huku kuuza kukiachwa bila adhabu. Andreas Kotsadam na Niklas Jakobsson waliwahoji watu wa Norwe kabla na baada ya sheria kuanza, wakawalinganisha na watu wa Sweden, ambako sheria ya namna hiyo ilikuwapo tangu 1999. Kwa taifa zima, sheria mpya haikubadili msimamo wa kimaadili wa watu katika muda huo mfupi. Lakini katika mji mkuu, ambako biashara hiyo ilikuwa ikionekana mitaani, watu waliiona kununua ngono kuwa jambo baya zaidi kuliko walivyoliona awali. Waliokaa mbali na jambo lenyewe, sheria iliwapita. Waliokutana nalo kila siku, sheria iliwapa namna mpya ya kulitazama.

Kisingizio chenye heshima

Kuna njia nyingine ambayo haizungumzwi sana, nami naiona kuwa ya werevu kuliko zote. Wakati mwingine watu wengi wamechoka na desturi fulani, ila hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuiacha, kwa kuwa atakayeiacha peke yake atadharauliwa. Hapo sheria haimtishi mtu. Inampa kisingizio.

Kwa karne kadhaa, wanaume wa tabaka la juu Ulaya walipotukanana walipigana kwa upanga au bastola, wawili wawili, mbele ya mashahidi, mara nyingine hadi kufa. Dola zilijaribu kukomesha jambo hili kwa ukatili. Nchini Ufaransa, chini ya Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa mfalme, amri kali ilitolewa mwaka 1626, na mwaka uliofuata mtukufu François de Montmorency-Bouteville akakatwa kichwa kwa kuikaidi amri hiyo waziwazi katikati ya Paris. Mapambano hayakukoma, yaliendelea Ufaransa kwa zaidi ya karne mbili baadaye. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kanuni ya heshima ilimtaka mwanamume aonyeshe kwamba haogopi kufa, na tishio la kunyongwa lilimwongezea nafasi ya kuonyesha hivyo. Adhabu iligeuka sehemu ya sifa.

Majimbo kadhaa ya kusini mwa Marekani yalijaribu njia nyingine: aliyepigana pambano la namna hiyo alipoteza haki ya kushika wadhifa wa umma. Mtaalamu wa sheria Lawrence Lessig ameeleza kwa nini njia hiyo ilikuwa na akili zaidi. Mtu wa heshima alikuwa na wajibu mwingine uliotukuzwa na watu walewale, wajibu wa kulitumikia jimbo lake. Sasa aliweza kumkataa mpinzani wake bila kuitwa mwoga: ningekuja, lakini nitakuwa nimejinyima haki ya kuwatumikia wananchi. Hadi leo, watumishi wa umma wa jimbo la Kentucky huapa kwamba hawajapigana pambano kama hilo. Sheria ilifaulu kwa kuwapa watu lugha ya heshima ya kuacha jambo ambalo wengi wao walikuwa wamechoka nalo kimyakimya.

Mwili ukitangulia

Wanasaikolojia wanajua kwamba mtu akitenda jambo kwa muda mrefu, imani yake huanza kulifuata tendo. Hatupendi kuishi na mgongano kati ya tunachofanya na tunachoamini, basi kimoja hulegea. Mkanda wa usalama ni mfano wa wazi. Uingereza iliwasihi madereva kwa matangazo ya televisheni miaka mingi katika miaka ya 1970, na waliofunga mkanda walibaki wachache. Sheria ilipoanza Januari 1983, ufungaji kwenye viti vya mbele ulipanda kutoka karibu asilimia 40 hadi zaidi ya asilimia 90. Leo mtu mzima wa huko akimwona mzazi amembeba mtoto mapajani kwenye kiti cha mbele, haoni kosa la trafiki tu. Anaona uzembe, na pengine anakasirika. Hasira hiyo ni ya kimaadili, na watoto wa miaka ya 1960 waliopanda magari ya wazazi wao bila mkanda hawakuzaliwa nayo.

Ireland ilipiga marufuku uvutaji sigara mahali pa kazi, baa zikiwemo, tarehe 29 Machi 2004, na kukiuka kukawa kosa lenye faini. Watafiti waliwahoji wavutaji wenyewe kabla na baada. Kabla ya sheria, asilimia 13 tu ya wavutaji wa Ireland waliunga mkono marufuku kamili kwenye baa. Baada yake, asilimia 46. Hawa ndio walioingiliwa starehe yao! Katika mifano hii yote miwili kulikuwa na mambo yaliyosaidia: tendo lilifanyika hadharani, kulitii hakukuwa na gharama kubwa, na madhara yake yalikuwa yameelezwa kwa miaka kadhaa kabla. Nta ilikuwa imeshaanza kupata moto.

Sheria inapokwenda mbali kuliko watu

Upande wa pili wa habari hii unaumiza zaidi, na unahitaji kukaliwa kwa muda.

Mwanzoni mwa karne ya 19 sheria za Uingereza zilikuwa na makosa zaidi ya 200 yaliyostahili kunyongwa. Kuiba mali yenye thamani ya shilingi 40 ndani ya nyumba ya mtu lilikuwa mojawapo. Nadharia ilikuwa kwamba ukali huo ungeonyesha utukufu wa mali ya mtu. Kilichotokea ni kwamba raia wa kawaida walioitwa mahakamani kuamua hatia ya washtakiwa walianza kusema uongo chini ya kiapo, tena bila haya. Mtu aliyeiba kitu ambacho kila mmoja aliona kina thamani kubwa alitiwa hatiani kwa kuiba mali ya shilingi 39. Mwaka 1830 wenye benki, watu ambao sheria kali dhidi ya kughushi ilitungwa kuwalinda, waliliomba Bunge liiondoe adhabu ya kifo kwa kosa hilo, kwa kuwa ukali wake ulikuwa unawafanya waathiriwa wasite kushtaki na waamuzi wasite kumtia mtu hatiani. Sheria iliyokusudiwa kuinua ubaya wa wizi iliishia kuwafundisha watu wema kudanganya kwa nia njema.

Dan Kahan, mwanasheria wa Marekani, ameeleza utaratibu huu kwa jumla. Sheria haijitekelezi. Inamhitaji jirani atoe taarifa, askari aamue kukamata, mwendesha mashtaka aamue kushtaki, hakimu aamue kufunga. Kama kila mmoja wao anaona adhabu ni kubwa kuliko ubaya wa tendo, kila mmoja hulegeza kidogo, na kulegea huko huonekana na wengine, nao hujifunza kwamba hata wenye mamlaka hawaliamini jambo lenyewe. Msukumo mkali huzaa ukaidi. Msukumo mdogo, unaokaza hatua kwa hatua, huwapa watekelezaji nafasi ya kuutimiza bila kuhisi wanadhulumu, na kila hatua ikizoeleka inaandaa inayofuata.

Historia ya ukeketaji nchini Kenya inaonyesha tofauti hiyo ndani ya nchi moja. Mwaka 1956, huko Meru, baraza la wazee la Njuri Ncheke, likisukumwa na maofisa wa kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Ilikuwa katikati ya vita vya Mau Mau, na amri ilionekana kama mkono wa mkoloni ukiingia ndani ya nyumba. Wasichana wakaanza kukeketana wenyewe kwa nyembe, bila ngariba, kwa kukaidi. Katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo. Tendo lililokuwa desturi liligeuka kuwa msimamo wa kisiasa, na kulitetea kukawa ushujaa.

Nusu karne baadaye picha ilikuwa nyingine. Sheria ya watoto ya 2001 ilikataza ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, na sheria ya 2011 ikakataza kabisa, ikiwemo kumpeleka msichana nje ya nchi kwa ajili hiyo. Tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha kwamba miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998, asilimia 21 mwaka 2014, na asilimia 15 mwaka 2022. Mteremko ulianza kabla ya sheria zote mbili. Shule, makanisa, wanawake waliosimulia yaliyowapata na mabinti waliokataa walikuwa wameshaanza kazi. Sheria ilikuta sehemu ya watu tayari iko njiani, ikawapa wale waliokuwa wanasita sababu ya kusema hapana kwa bibi na shangazi bila kuonekana wamewadharau. Mahali ambapo desturi bado ni imara, sheria hiyohiyo imesukuma baadhi ya familia kwenye usiri, au kuwapeleka mabinti wakiwa wadogo zaidi. Siandiki hivi kuidharau sheria ya 2011. Naamini ilihitajika, kwa ajili ya mtoto mmojammoja anayeweza kukimbilia kituo cha polisi. Naandika ili tuone ilifanya kazi gani, na ni kazi gani ilifanywa na watu.

Marufuku ya pombe nchini Marekani, kuanzia 1920 hadi 1933, hutajwa sana kwenye mjadala huu. Nitaongeza jambo moja tu: unywaji ulipungua kweli mwanzoni, lakini heshima ya sheria ilipungua pamoja nao, na hasara hiyo ya pili haikuwa kwenye hesabu ya waliotunga marufuku.

Hasara hiyo inaweza kupimwa. Mwaka 2005 Janice Nadler alichapisha majaribio ambamo watu walisoma habari kuhusu sheria walizoziona za dhuluma, kisha wakaulizwa kuhusu makosa mengine madogo yasiyohusiana nazo. Waliosoma kuhusu dhuluma walikuwa tayari zaidi kuvunja sheria nyingine. Imani kwa sheria ni akiba ya pamoja. Kifungu kimoja kibovu kinachota kutoka kwenye akiba ya vifungu vyote.

Na akiba hiyo hujazwa zaidi na namna watu wanavyotendewa kuliko na maandishi. Mwanasaikolojia Tom Tyler aliongoza mahojiano ya wakazi 1,575 wa Chicago mwaka 1984, na matokeo yake bado ndiyo msingi wa fani hii. Watu walitii sheria hasa kwa kuiona mamlaka kuwa halali, na uhalali huo ulitokana na haki ya utaratibu: je, askari alinisikiliza, hakimu alinieleza sababu, nilitendewa kwa heshima sawa na tajiri? Hata aliyeshindwa kesi aliweza kuondoka akiwa na imani na mahakama kama alisikilizwa. Basi askari anayedai rushwa barabarani anafanya zaidi ya kuiba. Anamfundisha dereva kwamba kosa la mwendo kasi ni biashara kati ya watu wawili.

Bei au aibu

Hapo kuna hatari nyingine. Adhabu ya jinai hutofautiana na ushuru kwa sababu ndani yake kuna lawama. Ukiiondoa lawama na kubakiza malipo, unaweza kuharibu hata maadili yaliyokuwapo. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walilionyesha hili katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto jioni, wakawa wanaona haya kwa walezi. Vituo 6 vikaweka faini ndogo. Kuchelewa kukaongezeka, hadi kufikia karibu maradufu. Wazazi walielewa kwamba sasa wananunua muda. Faini ilipofutwa, kuchelewa hakukurudi chini, maana ile haya ilikuwa imeshaondoka.

Faini zile hazikuwa za jinai, ila somo lake linahusu jinai moja kwa moja. Kampuni inayolipa faini ya kuchafua mto kila mwaka, bila mtu yeyote kusimama kizimbani, hufika mahali ikaiweka faini kwenye bajeti. Kwa upande mwingine, lawama ikitolewa ovyo nayo hupoteza thamani. Kama kijana aliyekamatwa na kijiti cha bangi na mtu aliyempiga mkewe wote wanatoka mahakamani na rekodi ya jinai inayowafungia ajira, neno "mhalifu" linabaki na maana gani? Robinson na Darley wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba sheria ya jinai huongoza dhamiri pale tu mizani yake ya makosa inapokaribiana na mizani ya watu. Wenye hofu watauliza: je, hiyo si kuinamia chuki za walio wengi? Swali hilo ndilo jaji Patrick Devlin na mwanafalsafa wa sheria H.L.A. Hart walilobishania Uingereza, baada ya ripoti ya mwaka 1957 kupendekeza kuondoa jinai kwenye mahusiano ya faragha kati ya wanaume watu wazima. Devlin alisema jamii ina haki ya kulinda maadili yake ya pamoja kwa sheria. Hart alijibu kwamba karaha ya wengi haitoshi kumfunga mtu asiyemdhuru mwingine. Naona Hart alikuwa sahihi kuhusu kilicho haki. Ila Devlin aliona kitu ambacho wafuasi wa Hart hukipuuza, kwamba sheria isiyoungwa mkono na hisia yoyote ya watu hubaki maandishi.

Njia ya kutoka ni kutofautisha hisia za watu kuhusu ukubwa wa adhabu na upofu wao kuhusu nani amedhulumiwa. Pale penye upofu huo, sheria inaweza kutangulia, na mara chache imefanya hivyo kwa utukufu. Kwa zaidi ya karne mbili sheria ya Uingereza ilifuata kauli ya jaji Matthew Hale, iliyochapishwa mwaka 1736 baada ya kifo chake, kwamba mume hawezi kuwa na hatia ya kumbaka mkewe kwa sababu ndoa ni ridhaa isiyoondolewa. Sweden iliukataa msimamo wa namna hiyo mwaka 1965, Uingereza mwaka 1991 kwa uamuzi wa mahakama ya juu kabisa, na kufikia 1993 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yameutambua ubakaji ndani ya ndoa kuwa kosa. Kesi za namna hii ni ngumu kuthibitisha, na wanaotiwa hatiani ni wachache. Aliyefikiwa kwanza na badiliko hili alikuwa mke mwenyewe. Kabla ya hapo, mwanamke aliyelazimishwa alikuwa na maumivu bila mashtaka. Aliweza kudhani kwamba tatizo ni lake. Sheria ilimwambia kwamba yeye ni mtu aliyekosewa. Katika yote ambayo sheria ya jinai huweza kuifanyia dhamiri, hili ndilo ninaloliona kuwa la thamani kuliko yote, na haliwezi kupimwa kwa idadi ya wafungwa.

Kosa linapofutwa

Je, sheria ikiondolewa, watu hudhani jambo limekuwa jema? Hofu hiyo husimamisha mageuzi mengi. Uingereza iliacha kulihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa mwaka 1961; hadi hapo aliyenusurika aliweza kushtakiwa, na baadhi walifungwa. Nigel Walker na Michael Argyle walichapisha uchunguzi wao mwaka 1964 wakilinganisha waliojua kwamba sheria imebadilika na waliodhani bado ni kosa. Waliojua hawakuwa wepesi zaidi wa kulikubali tendo. Dhamiri ilikuwa na mizizi yake yenyewe, haikutegemea kifungu cha sheria. Ghana ilifuta kosa hilo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na katiba.

Kinachobadilika ni matendo ya watu waliomzunguka aliyekata tamaa. Familia iliyokuwa ikificha ili ndugu yao asikamatwe inaweza kumpeleka hospitali na kusema kilichotokea. Mwaka huohuo wa 1961, Wizara ya Afya ya Uingereza ilizishauri hospitali kwamba kila aliyeletwa baada ya kujaribu kujiua ahesabiwe kuwa mgonjwa, na achunguzwe na daktari wa akili kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.